CT scan imesema saratani, lakini usaha wa Baba una punje za njano

SWALI

Shikamoo daktari,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia. Naishi Dar es Salaam, nauza vitambaa. Wazazi wangu wako Korogwe. Baba ana miaka 61. Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, sasa amestaafu na ana ng'ombe wake wanne. Sigara alivuta tangu ujana, ameacha miaka mitatu iliyopita. Pombe alikunywa, na kusema kweli alikunywa sana.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kukohoa. Tukadhani ni vumbi. Akapewa antibiotiki zahanati, akapata nafuu kama siku kumi, kikohozi kikarudi. Akapewa nyingine, nafuu, kikarudi tena. Imekuwa hivyo mara tatu. Sasa amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba, usiku anatoka jasho, na mara mbili nimeona damu kidogo kwenye makohozi. Makohozi yamepimwa TB mara mbili, hakuna. VVU hana. Sukari hana.

Mwezi uliopita tukampeleka hospitali kubwa akapigwa CT scan. Ikaonyesha uvimbe wa sentimita sita chini kwenye pafu la kulia, umeshikana na ubavu na mbavu moja imeliwa. Daktari tuliyemkuta alikuwa na foleni mpaka nje. Akaisoma karatasi, akaniita pembeni: "Dada, hii ni saratani na imeshafika mbali. Mzee mrudisheni nyumbani apumzike." Kinyama cha kupima hakikuchukuliwa. Nilipouliza, akasema kwa hali ilipofikia hakitabadilisha kitu.

Tangu siku ile nyumba imegawanyika. Baba mkubwa anasema saratani ikichokonolewa kwa sindano inaamka na kusambaa, kwa hiyo asiguswe; yeye ameshaleta mizizi ya kuchemsha. Kaka anataka kuuza ng'ombe wawili tumpeleke mbele. Jirani mmoja ametutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, anasema shemeji yake aliambiwa hivyo hivyo saratani kumbe ni fangasi wa mapafu, tumpe tu dawa za TB au za fangasi tuone. Mama anataka Baba asiambiwe chochote. Mpaka leo anajua ana nimonia sugu.

Jambo dogo la mwisho, sijui kama lina maana. Chini ya kwapa la kulia alitoka jipu, likapasuka lenyewe, na hii ni wiki ya tatu linatoa usaha. Mama analisafisha kwa maji ya chumvi. Anasema usaha una punje za njano, ndogo kama mchanga. Nadhani ni uchafu wa pamba.

Daktari, tukubali kinyama kichukuliwe au tumwache mzee apumzike? Na je, tunaweza kuanza dawa za TB huku tukisubiri?

Binti wa Korogwe


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na Mama mfikishie pole yangu.

Barua yako niliisoma hadi mwisho, nikavua miwani, nikairudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo ningeanza nalo kama baba yako angekuwa amekaa mbele yangu.

Nikupe majibu kwanza, maelezo yafuate. Ndiyo, kinyama kichukuliwe. Hapana, msianze dawa za TB wala za fangasi kwa kubahatisha. Na lile jipu lipimwe wiki hii hii. Nitaitumia safu yote kwa barua yako moja. Yule aliyeniuliza kuhusu kiungulia anivumilie hadi toleo lijalo.

Baba yako ni dereva, basi atanielewa haraka kuliko nyinyi. Usiku barabarani, taa za gari zikimulika kitu mbele, unaona umbo. Unaona ni mtu, ni mrefu, amebeba mzigo, amesimama upande gani. Jina lake huwezi kulisoma kwa taa. CT scan iko hivyo. Inaonyesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, umegusa nini, umekula nini. Umejengwa na nini, haiwezi kusema. Seli za saratani zilizosongamana na usaha uliogandishwa na makovu vyote hutoka vyeupe kwenye picha.

Kachukue ile karatasi ya majibu usome mstari wa mwisho, pale penye hitimisho. Wataalamu wanaosoma picha huwa waangalifu sana na maneno. Wengi huandika "inaelekea kuwa" au "yawezekana ni", kisha wanashauri kinyama kichukuliwe kuthibitisha. Sitashangaa ukikuta ushauri huo umeandikwa pale, ukapotea njiani kati ya karatasi na mdomo wa daktari mwenye foleni.

Simlaumu mwenzangu kwa kufikiria saratani. Mwanamume wa miaka 61, sigara ya miaka mingi, uvimbe wa sentimita sita (kikivuka tatu tunaacha kukiita kinundu), kukonda, damu kwenye makohozi, mbavu imeliwa. Hata mimi ningeiandika saratani ya kwanza kwenye orodha. Tatizo langu ni kwamba orodha ilikuwa na jina moja tu.

Sasa turudi kwenye jipu. Ni magonjwa machache sana yanayoanzia ndani ya pafu, yakapenya utando unaolizunguka, yakatoboa nyama za ubavu, yakachungulia nje ya ngozi kama jipu linalotoa usaha. Kwa nchi yetu la kwanza ni TB. Utaniambia makohozi yamepimwa mara mbili. Sawa, lakini makohozi hutoka kwenye njia ya hewa, na kama ugonjwa umejificha pembeni mwa pafu bila kufungua mlango kwenye njia hiyo, mtu anaweza kutoa makohozi masafi mwezi mzima. Usaha wa jipu haujapimwa. Mashine ya GeneXpert, ile iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 na sasa iko kwenye hospitali zetu nyingi, hutoa jibu la TB kwa saa kama mbili, na usaha nao unaweza kuingizwa humo. Yaani kipimo muhimu kuliko vyote kwa mzee kimekuwa kikifutwa kwa pamba na kutupwa kila jioni wiki ya tatu sasa. Mama asijilaumu. Hakuna aliyemwambia.

La pili kwenye orodha yangu ni ugonjwa ambao huenda hujawahi kuusikia, na madaktari wengi hukutana nao mara moja au mbili katika kazi nzima: aktinomikosi. Zile punje za njano ndizo zimenifanya niutaje. Huletwa na bakteria wanaoishi kinywani mwa binadamu, kinywani mwako na mwangu, kwenye fizi na matundu ya meno, bila kumsumbua mtu. Shida huanza wanapoteremka pasipo mahali pao. Mtu mwenye meno mabovu analala amelewa fofofo, mate yanashuka kwenye pafu badala ya tumbo, na vijidudu vinakwenda nayo. Huko chini vinajenga polepole sana, miezi, vikijizungushia ukuta mgumu wa makovu. Havina adabu ya mipaka: pafu, utando, misuli, mbavu, ngozi, vinapita tu. Ndani ya usaha vinajikusanya katika vibonge vidogo vya njano ambavyo madaktari wa zamani waliviita punje za salfa kwa ajili ya rangi. Salfa yenyewe haimo.

Hukuniandikia habari za meno ya baba yako. Leo ukimpigia Mama, mwambie amwombe mzee afungue mdomo kwenye mwanga wa dirisha. Kuna jino lililooza likabaki kisiki? Fizi zinatoa usaha? Amewahi kuvimba taya?

Na kabla Baba mkubwa hajasikia habari hii akawageukia ng'ombe, niseme: ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa ng'ombe kweli. Mwaka 1877 Bollinger, Mjerumani, aliuona kwenye mataya ya ng'ombe yaliyovimba, na mwaka uliofuata James Israel akaueleza kwa binadamu. Wafugaji wanaliona taya la namna hiyo mpaka leo. Lakini wa ng'ombe ni wa ng'ombe na wetu ni wetu. Hatuambukizwi na mifugo, wala mzee hatamwambukiza mjukuu, kama yupo anayelala naye kitanda kimoja. Hiyo ni kama ni ugonjwa huo. Kwa kuwa TB bado iko mezani, kwa sasa mjukuu alale chumba kingine na madirisha yawe wazi.

Kwa nini najisumbua na ugonjwa wa nadra hivi? Kwa sababu unatibika kwa penisilini. Dawa ya kizamani kabisa. Ya dripu kwa dozi kubwa, kawaida wiki mbili hadi sita, kisha vidonge vya jamii hiyo kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Watu wamefunguliwa kifua na kuondolewa kipande cha pafu wakidhaniwa wana saratani, halafu maabara ikakuta punje. Umesema mwenyewe kwamba kila akipewa antibiotiki anapata nafuu siku kumi kisha kinarudi. Saratani iliyoziba njia ya hewa nayo inaweza kuleta mchezo huo, kwa kuwa nimonia hukaa nyuma yake, kwa hiyo si ushahidi wa kutosha. Ila unanisogeza kiti karibu na meza.

Hapo ndipo jirani yako na ujumbe wake wa dakika saba wanaponitia hofu. Si kwamba amedanganya. Inawezekana kabisa shemeji yake alikuwa na fangasi. Kuna fangasi anayekaa kwenye kinyesi cha njiwa, kriptokoka, anayeweza kutengeneza uvimbe kwenye pafu hata kwa mtu asiye na VVU. Yupo wa kwenye kinyesi cha popo, histoplasma. Aspajilasi hupenda kuhamia kwenye tundu lililoachwa na TB ya zamani na kujiviringa humo kama mpira. Na kuna nokadia, ambaye ni bakteria, anaiga TB kwenye picha na hata kwenye darubini anaweza kumpotosha mpimaji. Kila mmoja ana dawa yake, na ya huyu haimgusi yule. Ukimpa mzee dawa za TB bila jibu, mambo mawili yanaweza kutokea. Asipate nafuu, mkawa mmepoteza miezi sita. Au apate nafuu ya nusu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huua na vijidudu vingine, kisha hakuna atakayejua tena mlikuwa mnatibu nini. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, msimnunulie amoxicillin duka la dawa baada ya kusoma safu hii. Najua kishawishi kitakuwepo. Siku chache za vidonge hazitamponya, ila zinatosha kuvizimisha vijidudu visiote maabara. Asipewe antibiotiki mpaka sampuli zichukuliwe, isipokuwa apate homa kali au hali ibadilike ghafla na daktari aone hawezi kungoja.

Sasa sindano. Baba mkubwa hakulitunga neno lile. Hofu hiyo nimeikuta kila mahali nilipofanya kazi. Imetoka wapi? Nadhani imetokana na kuchelewa. Mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anachomwa sindano Jumatatu, anafariki baada ya miezi miwili, na watu wanakumbuka sindano, hawaukumbuki mwaka. Seli za saratani kusambaa kwenye njia ya sindano ya pafu ni jambo linalojulikana, limeandikwa, na ni nadra: chini ya mtu mmoja katika 100. Hatari ya kweli ya sindano hii ni nyingine, nayo mwambieni mzee wazi: hewa inaweza kuvuja kutoka kwenye pafu. Hutokea kwa kama mtu mmoja katika wanne au watano, wengi wao hewa hunyonywa yenyewe bila kufanyiwa kitu, wachache huwekewa mpira kifuani kwa siku kadhaa. Wengine hutema damu kidogo. Na hapa mzee ana bahati fulani. Uvimbe wake umeegemea ubavu, kwa hiyo sindano haina haja ya kupita kwenye pafu zima kuufikia. Wakati mwingine hata mashine ya ultrasaundi inatosha kuiongoza. Ni ganzi ya sehemu, si nusu kaputi. Anabaki macho, anaweza hata kulalamika.

Kitu kimoja daktari atauliza kabla ya kuchoma, na nyinyi mkitaje hata asipouliza: kama uvimbe ni duara laini lenye maji ndani, na mzee amekaa na mbwa kwa karibu. Kuna tegu wa mbwa anayetengeneza malengelenge makubwa ya maji kwenye ini na mapafu. Kwa Waturkana na Wamaasai ugonjwa huo unajulikana sana. Lengelenge hilo likitobolewa ovyo mwili unaweza kushtuka vibaya. Uvimbe wa baba yako kwa ulivyoueleza haufanani na huo, ila swali halina gharama. Mtajieni pia dawa anazotumia, hasa aspirini, na mizizi ya Baba mkubwa.

Nakuja kwenye jambo ambalo kama utasahau yote mengine, hili ulikariri. Kinyama kigawanywe.

Nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Nikiwa tabibu kijana wodi ya kifua, hospitali siitaji, alikuja mama mmoja muuza samaki mwenye uvimbe wa pafu. Tukachukua kinyama kizuri, vipande vinne. Nikavitia vyote kwenye kichupa cha fomalini, nikaandika fomu, nikajisikia fundi. Baada ya wiki mbili watu wa patholojia, wanaochunguza nyama kwa darubini, wakajibu: saratani hatuioni, tunaona usaha na makovu, je, mmeotesha vijidudu? Nikakimbilia maabara na kichupa changu. Fundi wa maabara, mzee wa Kidigo mwenye kejeli, akakinyanyua kwenye mwanga, akanirudishia. "Daktari, huyu umeshamkausha maiti. Unataka nioteshe nini hapa?" Fomalini huhifadhi umbo la nyama ili ionekane kwenye darubini, na inaua kila kilicho hai ndani yake. Kilichokufa hakioti. Yule mama alirudi kitandani kuchomwa mara ya pili kwa sababu yangu, na aliponiona na trei akageukia ukutani.

Kwa hiyo vichupa ni viwili. Kimoja kina fomalini, kinakwenda patholojia kutafuta saratani na kuangalia punje. Kingine ni kisafi kabisa chenye maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, bila tone la fomalini, kinakwenda maabara ya vijidudu siku hiyo hiyo: GeneXpert, fangasi, na kuotesha. Vijidudu vya aktinomikosi havipendi hewa ya oksijeni na vinaota kwa uvivu, hata wiki mbili au tatu, kwa hiyo maabara waambiwe mapema wasitupe sahani za kuoteshea siku ya tatu. Si kila maabara yetu ina uwezo wa kuotesha bila hewa. Ikiwa haina, bado jibu linaweza kutoka patholojia, ambako punje zikipakwa rangi zinazofaa huonekana na nyuzi zake. Ila mtaalamu wa patholojia hutafuta alichoulizwa. Fomu nyingi huandikwa neno moja na alama ya kuuliza mbele yake. Muombe daktari kwa heshima aandike matatu: saratani, TB, aktinomikosi, na aongeze kwamba kuna tundu kwenye ngozi linalotoa punje. Mstari huo mmoja unaweza kubadilisha rangi watakazotumia.

Unaweza kujiuliza utamwambiaje daktari haya bila kuonekana mjuaji. Sema hivi: "Daktari, nyumbani tumeona usaha wake una punje za njano. Tunaomba kinyama, na tunaomba sehemu yake iende kuoteshwa." Daktari mzuri atasogea kuliangalia jipu. Akikasirika, omba rufaa kwa utulivu kwenda kwenye kliniki ya kifua. Kwa hapo mlipo mnaweza kuelekea KCMC Moshi au Muhimbili. Chagueni penye ndugu wa kuwapokea, maana mtarudi zaidi ya mara moja.

Kuhusu ng'ombe: kaka yako asiuze wawili kwa hasira ya siku moja. Kama kuna bima, ulizeni inabeba nini kabla ya kitu kingine. Kipimo cha usaha ni cha gharama ndogo, kianze. Na atatokea mtu wa kuwaambia muende India mkapige PET scan ndiyo itamaliza ubishi. Haitamaliza. Kipimo hicho humulika mahali mwili unapotumia sukari kwa kasi; saratani inawaka, TB inawaka, aktinomikosi inawaka. Mtarudi na picha nzuri ya rangi na swali lile lile.

Sitaki nikuuzie matumaini, mwanangu. Nikilazimishwa kuweka dau kwa umri na sigara za baba yako, saratani siiondoi mezani. Tena mambo mawili yanaweza kukaa pamoja: vijidudu vya kinywani hujipatia makao kwenye uvimbe wa saratani uliooza katikati, kwa hiyo hata punje zikithibitishwa, patholojia lazima iseme upande wake, na baada ya wiki chache za dawa picha irudiwe kuona kama uvimbe unasinyaa. Usiposinyaa, kinyama kirudiwe. Vivyo hivyo jibu likija "saratani haikuonekana", maana yake haikuonekana kwenye kipande kile. Na kama ni saratani, bado kinyama kitakuwa kimefanya kazi, kwani zipo za aina kadhaa, na mionzi au dawa huchaguliwa kwa aina. Hata mionzi ya kupunguza maumivu ya mbavu ni kitu. "Kapumzike nyumbani" ni neno linaloweza kuwa sahihi, lakini lisemwe baada ya jibu. Fikiria mtu mwenye maambukizi akipewa tibakemikali inayoshusha kinga.

Kuhusu Mama na siri yake. Ninamwelewa. Lakini karatasi ya ridhaa ya sindano ataisaini Baba, na mtu aliyeendesha lori miaka yote hiyo anajua gari linapogonga. Anajiona anavyokonda. Anawaona mnavyonyamaza akiingia. Hamna haja ya kumtajia saratani ambayo hakuna aliyeithibitisha. Mwambieni ukweli ulivyo: kifuani kuna uvimbe, hatujui ni nini, unaweza kuwa mbaya, unaweza kuwa wa kutibika, na sindano ndiyo itakayosema. Ningependa Baba mkubwa akae kwenye mazungumzo hayo, na yeye ndiye aanze kuongea. Mkimpita pembeni atapigana na sindano. Mkimpa nafasi yake ya ukubwa, huenda yeye ndiye atakayemshika mkono ndugu yake pale kitandani. Mizizi aiweke kando kwa sasa, apewe heshima yake kwa kuileta.

Akitema damu ya kujaza kikombe, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msisubiri asubuhi. Usiku huo huo hospitali iliyo karibu.

Jumatatu nendeni na picha zenyewe za CT, ile CD, karatasi peke yake haitoshi. Daktari atavuta usaha kwa bomba la sindano kutoka ndani ya tundu. Ukimwona anapangusa juu kwa pamba tu, mwombe avute. Na Jumapili usiku Mama asimsafishe. Amwekee shashi safi, kavu, aifunge kwa plasta, alale nayo. Punje hunasa kwenye shashi usiku. Asubuhi mwachieni ilivyo, aende nayo imefungwa hapo hapo ubavuni, wakaifungue wao.